Haootia: jiwe moja, tafsiri tatu za misuli

Jiwe ni moja, tafsiri ni tatu. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya chimbuko la wanyama, darasani hakukosi mwanafunzi aliyesoma mahali kwamba misuli ya kale kuliko yote imepatikana Kanada, na mwenzake aliyesoma kwamba habari hiyo imepingwa. Wote wawili wamesoma sawasawa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewawekea hoja hizo ubavu kwa ubavu, wakaona kipi kimepingwa na kipi kimesimama. Nafanya hivyo hapa, kwa ajili ya mwalimu, mwandishi au mwanafunzi anayetakiwa kushika upande mmoja na kuutetea.

Kisukuku chenyewe kinaitwa *Haootia quadriformis*. Kimetoka rasi ya Bonavista, kisiwani Newfoundland, Kanada, kwenye miamba ya kipindi cha Ediakara yenye umri wa miaka milioni 560 hivi. Waliokitangaza mwaka 2014 ni Alex Liu, Jack Matthews, Latha Menon, Duncan McIlroy na Martin Brasier. Jina la pili linataja umbo la pande nne. La kwanza limetoka kwenye lugha ya Wabeothuk, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, ambamo *haoot* ni pepo mbaya. Mbeothuk wa mwisho anayejulikana, Shanawdithit, alifariki mwaka 1829, na lugha yao imebaki kwenye orodha chache za maneno. Nafurahi kwamba angalau neno lao moja linatamkwa leo na watu wa visukuku dunia nzima.

Sasa litazame jiwe. Chini kuna duara, alama ya mahali mnyama aliposhikilia sakafu ya bahari. Kwenye duara kimeota kikonyo, na kikonyo kinafunguka kuwa mwili wenye pembe nne, upana wa sentimita chache tu. Kila pembe inarefuka na kuchanua vitawi. Mwili wote umejaa mistari myembamba, imelala sambamba, imekusanyika mafungu mafungu, ikitoka pembe hii kwenda pembe ile. Inapokaribia pembe inabanana, kisha inaingia kwenye vitawi. Mahali pengine mafungu yamejisokota.

Mistari hiyo ndiyo kesi yote. Tafsiri ya kwanza inasema ni misuli, na mwenye misuli ni ndugu wa staurozoa, wale yavuyavu wasioogelea wanaoishi wamejishikiza kwenye mwani na mawe. Ya pili inasema ni misuli, na mwenyewe ni mnyama wa ukoo wa knidaria, yaani ukoo wa yavuyavu na matumbawe, lakini kumwita staurozoa ni kwenda mbali mno. Ya tatu inasema si misuli hata kidogo.

Naanza na anayekataa kabisa

Watu wengi huiacha tafsiri ya tatu hadi mwisho, wakaipitia haraka. Mimi naianza, kwa sababu ikishinda hii, zile nyingine mbili hazina kazi.

Nimekulia Tanga, na mtu wa Tanga hawezi kuona nyuzi zilizolala sambamba akasema moja kwa moja ni misuli. Chukua jani la mkonge lililopita kwenye korona, ule mtambo wa kukamua majani. Mkononi unabaki na nyuzi ndefu, ngumu, zimepangana kuliko nyama yoyote. Hazijawahi kujikaza siku moja. Kazi yake ni kulisimamisha jani. Kwa hiyo swali la haki ni hili: kwa nini nyuzi za Haootia zisiwe za kusimamisha mwili tu?

Chukua pia kanga iliyoloa ukaikamua. Shika ncha mbili, songoa, kisha itazame kabla hujaikung'uta. Utaona matuta membamba, sambamba, yaliyojisokota na kubanana karibu na vidole vyako. Ni mikunjo tu, hakuna uzi wa ziada ndani yake. Mwili laini uliokokotwa na mkondo wa tope unaweza kukunjamana vivyo hivyo.

Hoja hizo mbili ni nzito na naziheshimu. Lakini ukizipeleka mbele ya jiwe zinaanza kulegea. Mikunjo ya kanga inafuata nguvu iliyoikamua: ukivuta kwa huku, matuta yanalala kwa huku, na ukivuka pindo haikumbuki pindo lilikuwa wapi. Nyuzi za Haootia zinafuata mwili. Zinageuka pale mwili unapogeuka, zinaungana kwenye pembe zote nne, na zinaingia kwenye vitawi. Mkondo mmoja wa tope usingepanga mistari kwa pande nne namna hiyo. Miamba ya Newfoundland imebanwa na kupindwa na ardhi, hilo ni kweli, na wataalamu hulazimika kunyoosha picha za visukuku vya huko kabla ya kuvipima. Ila nyufa za mbano huo huenda upande mmoja katika tabaka zima, hazizunguki pembe za mnyama mmoja.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Tabaka za aina hiyo zimejaa viumbe wengine wa Ediakara, hasa wale wenye umbo la unyoya au jani la kangaga. Wamezikwa kwa njia ileile, chini ya tope lenye majivu ya volkano, kwenye maji ya kina. Hao hawana nyuzi za namna hii. Kama mistari ingekuwa kazi ya jiwe au ya maziko, majirani wangekuwa nayo.

Linabaki swali la mkonge: nyuzi za kusimamisha. Hapa jiwe halimalizi ubishi, ila linaegemea upande mmoja. Nyuzi za kusimamisha jani zinatoka shinani kwenda nchani, kwa sababu uzito unakwenda huko. Za Haootia nyingi zinapita kando, kutoka pembe hadi pembe, kama kamba ya kufunga mdomo wa gunia. Kamba ya namna hiyo haisimamishi kitu. Inafunga.

Staurozoa, au knidaria tu?

Ukishakubali kwamba ni misuli, ugomvi wa kweli ndiyo unaanza, na hapa ndipo wanafunzi wangu wanapochanganya mambo. Pingamizi maarufu la mwaka 2015 halikuwa juu ya misuli. Lilikuwa juu ya ndugu.

Staurozoa wa leo ni wanyama wadogo, wengi wana sentimita chache, na aina zinazojulikana ni kama 50. Wengi wanaishi maji ya baridi, kwa hiyo usiwatafute kwenye mwani wa Jambiani. Mwili ni kikombe juu ya kikonyo, na ukingo wa kikombe una mikono minane yenye vishada vya vinyweleo vinavyowasha. Ukimweka pembeni mwa Haootia, kufanana kunashtua: duara la kujishikiza, kikonyo, kikombe, ulinganifu wa nne. Liu na wenzake waliona hivyo, wakapendekeza undugu huo.

Lucília Miranda, Allen Collins na Antonio Marques, watu waliokesha na staurozoa wa kweli chini ya hadubini, ndio walioandika pingamizi hilo la 2015, na wakauliza swali rahisi: misuli ya staurozoa hukaa wapi? Hukaa mahali pawili. Upo msuli wa ukingo, utepe mwembamba unaozunguka mdomo wa kikombe kwenye pindo kabisa. Na ipo misuli ya wima: minne inapanda ndani ya kikonyo, ikifika kwenye kikombe kila mmoja unagawanyika na kuelekea mikono miwili jirani. Ndivyo minne inavyohudumia minane.

Haootia haina mpango huo. Mafungu yake ya kupita kando ni mapana na yameenea mwilini, hayakubanwa kwenye pindo kama utepe. Na ile misuli minne ya kikonyoni haionekani. Wakahitimisha kwamba mpangilio wa misuli hauungi mkono undugu na staurozoa wa leo. Liu na wenzake walijibu mwaka huohuo, wakiendelea kuzitetea nyuzi hizo kuwa misuli.

Nikizipima hoja mbili za Miranda na wenzake, sizipi uzito sawa. Ile ya kikonyo ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mwaka 2016 watafiti hao hao walipopanga upya ukoo wa staurozoa, waliwagawa katika nusu mbili, na nusu moja ni wale ambao wakiwa wazima hawana misuli ya wima kwenye kikonyo. Kama staurozoa wa leo anaweza kukosa misuli hiyo, hatuwezi kumnyima mnyama wa miaka milioni 560 undugu kwa kosa hilohilo. Hoja ya ukingo ndiyo inayouma. Utepe wa pindoni na mafungu yaliyotapakaa mwilini ni mipango miwili tofauti ya kufunga kikombe, na hakuna staurozoa wa leo anayetupa daraja la kutoka huku kwenda kule.

Wapo wanaopinga kwa sababu ya kina: Haootia wa maji marefu, staurozoa wa mwani wa pwani. Hiyo iache. *Lucernaria janetae*, staurozoa aliyetajwa mwaka 2005, anaishi kwenye chemchemi za moto za kina kirefu cha Pasifiki ya Mashariki.

Mwaka 2024 McIlroy na wenzake walimtangaza mnyama wa pili kutoka Newfoundland, *Mamsetia manunis*, na wakawaweka wote wawili, yeye na Haootia, ndani ya ukoo wa knidaria walio hai, si pembeni mwake. Kwa hiyo ngazi ya knidaria imezidi kuimarika tangu 2014. Ngazi ya staurozoa ndiyo inayobishaniwa.

Ushahidi wenyewe una daraja

Kabla hujachagua, angalia Haootia anasimama wapi kati ya mashahidi wengine wa misuli ya kale. Wapo wawili wanaotajwa naye mara kwa mara.

| | Haootia | Visukuku vya Kuanchuanpu, China | Mburuzo wa Mistaken Point, Newfoundland |
|---|---|---|---|
| Umri (miaka) | milioni 560 hivi | milioni 535 hivi | milioni 565 hivi |
| Kilichobaki | chapa ya nyuzi juu ya mwamba | nyuzi zenyewe, zimegeuka madini ya fosfeti | njia aliyopita mnyama |
| Unakionaje | kwa macho, mwanga ukipiga kwa upande | kwa hadubini ya elektroni | kwa macho |
| Swali linalobaki | nyuzi ni za nini? | karibu hakuna kuhusu misuli | alisogea kwa kutumia nini? |

Yavuyavu (wengine wanamwita konyeza) akitupwa ufukweni asubuhi, bado unaona duara lake na mistari ya ndani. Rudi alasiri. Kwenye mchanga kuna ukoko unaong'aa na alama ya mviringo, basi. Msuli ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea, na ndiyo maana kila njia ya kuuhifadhi ni ya bahati.

Bahati ya Kuanchuanpu, mkoani Shaanxi, ilikuwa fosfeti ya kalisi. Iliingia kwenye tishu kabla hazijaoza, ikachukua nafasi yake karibu uzi kwa uzi. Mwaka 2022 timu ya watafiti wa China, Ufaransa na Japani ilieleza wanyama wadogo sana wa huko, knidaria, wakiwa na nyuzi za unene wa mikroni chache: zingine za wima, zingine za kuzunguka, zimekatana kama wavu. Hapo hakuna haja ya kubishana juu ya mkonge au kanga. Unene wa nyuzi, mpangilio wake na mahali zilipo chini ya ngozi vinalingana na knidaria hai.

Linganisha na Haootia. Kwenye mnyama wa sentimita chache, uzi mmoja wa msuli hauonekani kwa macho. Kwa hiyo mistari tunayoiona jiweni haiwezi kuwa nyuzi moja moja za msuli, lazima iwe mafungu, au matuta ya ngozi yaliyoinuliwa na mafungu yaliyo chini yake. Hili halisemwi vya kutosha. Anayeandika kwamba Haootia amehifadhi nyuzi za misuli anasema zaidi ya jiwe. Jiwe limehifadhi umbo la juu la mahali misuli ilipokuwa, kama ilikuwepo.

Mburuzo wa Mistaken Point, uliotangazwa mwaka 2010 na Liu, McIlroy na Brasier, ni ushahidi wa namna nyingine. Hakuna mwili, kuna njia, yenye vijituta vya mwezi mchanga ndani yake, kama ile anayoiacha anemoni wa baharini anayejivuta kwa kitako. Kusogea kunavutia kama hoja ya misuli, lakini kuna mtego. *Trichoplax*, mnyama bapa asiye na msuli hata mmoja, hutambaa kwa vinyweleo vya seli. Sifongo naye hana misuli, na bado *Ephydatia muelleri*, sifongo wa maji yasiyo na chumvi, hujikunja mwili mzima polepole kusukuma uchafu nje. Kusogea si risiti ya msuli.

Ndugu hai gani awe kipimo?

Hapa ndipo uchaguzi mbaya unapoharibu kila kitu, hivyo nitakaa kidogo.

Wengi wakisikia msuli wanafikiria paja la mbuzi: nyuzi zenye milia, mfupa wa kuvuta, kano kwenye ncha. Wakikosa hayo kwenye kisukuku wanasema hakuna msuli. Kwa knidaria kipimo hicho hakifai. Kwa wengi wao seli moja ina kazi mbili: juu ni ngozi, na kitako chake kimejaa nyuzi za kujikaza. Hakuna mfupa. Msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma, kwa hiyo ukishajikaza lazima kitu kingine kiurudishe. Kwa yavuyavu anayerudisha ni ule uteute mnene wa katikati, unaofanya kazi kama springi. Kwa Haootia tungetarajia jambo hilohilo: nyuzi zinafunga kikombe, uteute unakifungua.

Na kuna jambo la mwaka 2012. Patrick Steinmetz na wenzake walilinganisha jeni za misuli yenye milia ya yavuyavu na za wanyama wenye pande mbili kama sisi. Protini muhimu za milia yetu, ikiwemo mfumo wa troponini, hazipo kwa knidaria. Wakati huohuo aina ya miosini (protini inayovuta msuli) inayotumika kwenye misuli ya haraka iko hata kwa sifongo, ambaye hana misuli. Maana yake vifaa vilikuwepo kabla ya chombo, na milia ya yavuyavu na milia yetu imejengwa mara mbili, kila upande na fundi wake.

Kwa hiyo hata Haootia akithibitishwa kesho asubuhi, hajatuambia msuli wa moyo wako ulianza lini. Anatuambia kwamba upande wa knidaria ulikuwa na mwili wa kujifunga miaka milioni 560 iliyopita. Hilo lenyewe ni kubwa na halihitaji kutiwa chumvi.

Uchague ipi

Kama unaandika juu ya historia ya ugunduzi, huna budi kuieleza tafsiri ya kwanza, maana ndiyo iliyofungua mlango. Ila iandike kwa jina la waliopendekeza na mwaka 2014, usiiandike kama jambo lililokwisha.

Kama unafundisha kidato cha tano na sita, au unaandaa maonyesho ya makumbusho, chukua ya pili: knidaria, mwenye nyuzi zinazoelekea kuwa misuli ya kufunga mwili. Inabeba kila kinachoonekana jiweni, na haikulazimishi kufumba macho mbele ya ukingo usio na utepe. Usimweke Haootia peke yake, mweke na wa Kuanchuanpu. Ukitaka tarehe isiyobishaniwa ya msuli uliohifadhiwa, andika milioni 535 hivi. Ukitaka tarehe ya kale zaidi yenye hoja nzuri, andika milioni 560 hivi na useme ni chapa.

Tafsiri ya tatu naipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayetaka kupima kitu. Afanye maziko ya majaribio, achukue anemoni au yavuyavu, amfukie kwenye tope laini lenye majivu, aone mikunjo ya maiti inakaaje ukilinganisha na misuli iliyojikaza. Kukataa bila kupima sikuoni kuwa na faida, kwa sababu hoja za mikunjo na za nyufa tayari zimeshindwa na pembe zile nne.

Mimi niko kwenye ya pili, na najua kitakachonihamisha. Kikipatikana kisukuku cha Haootia ambacho kikombe kimefunguka wazi, na pindoni mwake pana utepe uliojitenga na mafungu ya mwilini, siku hiyohiyo nitarudi kwenye tafsiri ya kwanza. Kikipatikana chenye kikombe kilichofungwa kabisa huku nyuzi zikiwa na urefu uleule kama wa mwenzake aliye wazi, basi hazikuwa zinajikaza, na itabidi niuombe mkonge radhi.